Tafadhali Nenda Chumba cha Tatu

Saa nne kasorobo asubuhi, daktari wa meno alitoka chumbani kwake na glavu mkononi, akaiangalia foleni iliyokuwa mlangoni, akarudi ndani, kisha akatoka tena kuhakikisha. Kwa miaka sita aliyofanya kazi kwenye zahanati ile hakuwahi kuona watu zaidi ya wanne wakimngoja yeye. Sasa walikuwa kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, wa pili mzee aliyefungwa bendeji mguuni, na nyuma yao mama mmoja amembeba mtoto aliyeletwa kuchanjwa.

"Nyote mnaumwa meno?" aliuliza.

"Tumeitwa," alisema yule mzee wa bendeji.

Na kweli waliitwa. Ukutani, juu ya mabenchi ya kungojea, zilikuwa zimefungwa spika mbili mpya, na kila baada ya muda sauti ya mwanamke, tulivu, yenye heshima zake, ilisema: "Tafadhali nenda chumba cha tatu." Haikutaja namba ya mtu. Haikutaja chumba kingine. Watu walikuwa wameambiwa tangu mlango ulipofunguliwa kwamba kuanzia leo hakuna kupigiwa kelele, wasikilize sauti. Basi wakaisikiliza sauti. Chumba cha kwanza cha wajawazito kilikuwa kitupu, cha pili cha watoto kitupu, na muuguzi wa vidonda katika chumba cha nne alikuwa amekaa anajipangusa kucha. Kila daktari wa meno alipobonyeza kitufe kumwita mgonjwa wake anayefuata, spika zilisema, na watu wengine watano sita walikusanya mikoba yao na kuinuka.

Mwanamke aliyeutengeneza mfumo ule alikuwa amechuchumaa karibu na dirisha la usajili, kompyuta mapajani, jasho likimtoka. Ofisini kwao walimwita Fundi, na nyumbani pia jina hilo lilikuwa limeanza kumganda. Alikuwa ameifanyia kazi programu ile miezi minne. Mgonjwa akifika anapewa kikaratasi chenye namba. Chumba kikiwa tayari, programu inaita namba yake na kumwambia aende wapi. Kioo cha kuonyesha namba kilikuwepo, ila mafundi wa ujenzi walikuwa wamekifunga juu ya dirisha la usajili, mahali ambapo aliyekaa kwenye benchi anakipa kisogo. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa juu ya sauti.

Na sauti hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake.

Haikupangwa hivyo. Mwanzoni Fundi alijirekodi mwenyewe, lakini matroni wa zahanati alipoisikiliza alisema inafanana na ya mtu anayekimbilia basi. Ndipo Fundi alipomkumbuka mama wa mumewe, ambaye alikuwa akiishi nao tangu alipostaafu. Mama huyu alikuwa ametumikia masjala ya ofisi moja kubwa kwa miaka thelathini na moja, na kwenye kila mkutano yeye ndiye aliyesoma majina ya watu. Aliyasoma hivi kwamba hata aliyeitwa kufukuzwa kazi alijiona ameheshimiwa. Walirekodi chumbani, magodoro yameegemezwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Namba zote, vyumba vyote vitano. Mafaili sitini na tatu.

"Nasema kama nilivyokuwa nasema kazini?" mama aliuliza siku ile.

"Hivyo hivyo, mama."

"Basi kaa kimya, usitikise kitanda."

Sasa, akiwa amechuchumaa pale zahanati, Fundi alimpigia simu mwenzake aliyekuwa ofisini. Huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye akili nyingi na jibu moja, na kwa ajili ya jibu hilo walimwita Kwangu-Shwari.

"Haitaji namba," Fundi alimwambia. "Inataja chumba cha tatu tu. Watu wote wamekwenda kwa daktari wa meno."

Vidole viligonga vitufe.

"Kwangu iko shwari," alisema Kwangu-Shwari.

"Najua kwako iko shwari."

"Sikiliza." Akaisogeza simu kwenye kompyuta yake, na Fundi akaisikia sauti ya mama mkwe wake, kamili, bila kasoro: Namba kumi na mbili, tafadhali nenda chumba cha kwanza.

"Wagonjwa hawako kwako," Fundi alisema. "Wangekuwa kwako nisingekupigia."

Alianza na yale yaliyo rahisi. Akapanda juu ya kiti, akakagua nyaya za spika. Zilikuwa sawa. Akaongeza sauti. Chumba cha tatu kikatajwa kwa nguvu zaidi, na watu wawili waliokuwa wamesinzia wakaamka na kujiunga na foleni. Akaizima seva na kuiwasha. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo isiyozidi boksi la viatu, iliyofungiwa kwenye kabati lililokuwa la dawa. Humo ndimo programu ilimoishi. Iliwaka, ikapumua, ikasema vile vile.

Akaamua kuijenga programu upya. Kazi hiyo huchukua robo saa: kompyuta yake inakusanya vipande vyote alivyoviandika, inavifunga pamoja kuwa kitu kimoja, kisha inakipeleka kwenye seva. Alikaa akitazama mistari ya maandishi ikipita. Mwishoni ukatokea ujumbe wa kijani: imekamilika, hakuna hitilafu.

"Hakuna hitilafu," Fundi aliisomea kompyuta kwa sauti ya chini, kama anayempa nafasi mtu ajirekebishe.

"Tafadhali nenda chumba cha tatu," zilisema spika.

Matroni akaja na kusimama juu yake. Alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sura, asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji.

"Binti yangu, sikulaumu," alisema. "Vitu vipya vina tabu zake. Lakini nina mama mjamzito ambaye sasa hivi amefunguliwa kinywa."

"Naomba muda kidogo, matroni."

"Nakupa mpaka saa sita. Ikifika saa sita kamili namrudisha yule muuguzi wangu asimame katikati aite kwa mdomo. Koo lake limeshakauka, ndiyo maana tulikutafuta wewe, lakini nitafanyaje."

Fundi alirudi kwenye maandishi yake, safari hii akiyasoma neno kwa neno. Na hapo akaona kitu. Kabla ya kila tangazo ilitakiwa ilie kengele ndogo ya kuzindua watu, na tangu asubuhi kengele hiyo haikulia hata mara moja. Alitafuta mahali programu ilipoelekezwa kulichukua faili la kengele. Njia iliyoandikwa pale ilianzia kwenye kompyuta ya Kwangu-Shwari, ikaingia folda inayoitwa Kazi, ikapita Kazi Mpya, ikapita Mpya Kabisa, na kuishia kwenye folda inayoitwa Ya Mwisho Kweli Kweli.

Akampigia tena.

"Kengele umeielekeza kwenye kompyuta yako," alisema.

"Ndiyo, nilikuwa najaribu."

"Hapa zahanati pana kompyuta yako?"

Kwangu-Shwari alifikiri. "Hapana," alikiri. "Ndiyo maana kwangu iko shwari."

Fundi alihisi mzigo umemtoka mabegani. Aliirekebisha ile njia, akaipeleka kengele ndani ya seva kwenye folda yake peke yake, akaijenga programu tena, akangoja robo saa nyingine akijiuma kucha. Kengele ikalia, tamu, ting-tong. Watu wote kwenye mabenchi wakainua vichwa. Halafu kimya. Ting-tong. Kimya. Kila chumba kilipoita, kengele ililia na hakuna lililosemwa, na watu wakaanza kutazamana kama waliosikia mlango unagongwa na wakifungua hawamwoni mtu. Ni daktari wa meno peke yake aliyepata kengele na maneno yake.

Saa tano na dakika kumi akaingia mama mkwe.

Alikuwa na siku yake ya kupimwa presha, na angeweza kuja siku yoyote ya wiki hiyo, lakini alichagua siku ambayo sauti yake ingeanza kazi. Alivaa gauni alilolivaa siku ya kuagwa kazini na viatu vyenye kisigino kidogo. Alichukua kikaratasi, namba arobaini na mbili, akakaa benchi la mbele, mkoba mapajani, akiwa tayari kujisikia.

Ting-tong. Kimya.

Ting-tong. "Tafadhali nenda chumba cha tatu."

Alisikiliza hivyo mara nne. Kisha akainuka, akamfuata mkwewe pale chini.

"Mwanangu, mbona nasema kitu kimoja?"

"Imeharibika, mama."

"Na kale kakengele je? Sikukasikia siku ile."

"Nimekarekebisha sasa hivi."

"Afadhali umefanya kitu," alisema mama kwa nia njema kabisa. Akavuta kiti na kukaa nyuma ya bega la Fundi, akavaa miwani.

Fundi alikuwa amefika mahali ambapo mtu wa kazi yake hatamani kufika: kila alichokijua alikuwa amekijaribu. Kwa kukosa lingine la kufanya akafungua orodha ya mafaili ya sauti ya mama yaliyokuwa ndani ya seva ahesabu kama yametimia. Yalikuwa sitini na tatu. Yote yalikuwepo. Kumi-na-tano lilikuwepo. Chumba-cha-kwanza lilikuwepo. Alilifungua moja kwa mkono wake na mama akasikika vizuri. Faili lipo, linalia, na programu inapita kana kwamba halipo. Fundi alishika tama.

"Hilo la chini kabisa limekaa vibaya," alisema mama.

"Lipi?"

"Hilo. Wenzake wote wameanza na herufi kubwa, lenyewe limeanza na ndogo. Limejitenga huko chini kama mtoto aliyenuna. Hilo hukunipa nilirekebishe."

Fundi aliangalia. Faili la mwisho kwenye orodha lilikuwa chumba-cha-tatu, herufi ndogo. Yote yaliyo juu yake, sitini na mawili, yalianza na herufi kubwa. Arobaini. Chumba-cha-kwanza. Kumi. Yeye hakuwahi maishani mwake kuanza jina la faili na herufi kubwa.

Aligeuka taratibu.

"Mama," alisema. "Uliyarekebisha lini?"

"Jumamosi. Ulipokwenda kusuka. Si uliniachia kompyuta wazi, ukaniambia nisikilize moja moja kama yamekaa sawa? Nikasikiliza. Yalikaa sawa. Lakini majina, mwanangu, majina yalikuwa ya aibu. Yote herufi ndogo, kama yameandikwa na mtu anayeanguka. Nilitumia alasiri nzima. Sikutaka kukwambia, nilitaka ukute tu yamependeza."

Jambo likafunguka lote mara moja. Kompyuta ya Fundi na ile ya Kwangu-Shwari hazikujali herufi kubwa wala ndogo. Kwao arobaini na Arobaini ni mtu yule yule, safari hii kavaa kofia. Seva ilikuwa ya namna nyingine. Kwake aliyevaa kofia ni mtu mwingine kabisa, na programu ilipomwulizia yule asiye na kofia, ilijibiwa hayupo. Ni chumba cha tatu pekee kilichopona, kwa sababu mara ya kwanza walipokirekodi birika lilipiga mluzi jikoni, na Jumapili walikirudia. Fundi akafuta faili la zamani na kuweka jipya, akiliandika jina mwenyewe, bila kuyaangalia mengine.

Alitaka kukasirika. Maneno yalikuwa yamemfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini swali lilitangulia: kama faili halikuonekana, kwa nini programu haikulalamika? Kwa nini ilimwandikia maandishi ya kijani asubuhi nzima? Alilijua jibu kabla hajalitafuta. Alilitafuta hata hivyo, akalikuta, mstari alioandika kwa mkono wake miezi miwili iliyopita siku aliyokuwa amechoka: usipoliona faili, nyamaza, endelea.

"Nimefanya vibaya?" aliuliza mama. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Umenionyesha lilipo," alisema Fundi. "Ningekaa hapa mpaka kesho."

"Hujanijibu."

"Majina yakibadilika, mama, programu haiyajui tena. Ingepaswa kuniambia kwamba imeyakosa. Mimi niliiambia inyamaze."

Mama alivua miwani, akaifuta na upindo wa mtandio, akaivaa tena. "Kwa hiyo utayarudisha yawe madogo."

"Ni amri moja tu. Sekunde."

"Sekunde," alirudia mama, akaangalia pembeni, kule kwenye foleni ya meno. "Mimi nilianza saa saba mpaka jua likazama. Lakini rudisha, mwanangu. Kazi ni yako."

Fundi aliweka vidole kwenye vitufe. Amri ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kubonyezwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na moja. Matroni alikuwa amesimama mlangoni na yule muuguzi wa koo kavu, anampa glasi ya maji ya uvuguvugu, anamwandaa.

Alimwangalia mama mkwe wake. Mwanamke aliyesoma majina ya watu miaka thelathini na moja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na viatu vyake vya kuagwa, mikono juu ya mkoba, akijifanya anasoma tangazo la chanjo.

Fundi akaifuta ile amri. Akafungua programu, akaongeza mstari mmoja: kila jina la faili la sauti ya mama lianze na herufi kubwa. Akaufuta na ule mstari wa kunyamaza. Kisha akaenda kwenye orodha, akalibadilisha faili moja tu, lile la chini, likawa Chumba-cha-tatu. Papo hapo likapanda juu na kukaa kati ya wenzake.

"Njia hii inahitaji robo saa," alisema, na kuanza kujenga.

Mama alisogeza kiti mbele kidogo.

Ile robo saa ilikuwa ndefu. Ilipofika asilimia sitini kompyuta ikaganda, na Fundi akaganda nayo. Ikaendelea. Saa tano na dakika hamsini na mbili ujumbe wa kijani ukatokea, na safari hii Fundi hakuuamini. Alimfuata muuguzi wa vidonda, akamwomba abonyeze kitufe chake.

Ting-tong. "Namba tisa, tafadhali nenda chumba cha nne."

Mzee wa bendeji alikitazama kikaratasi chake, akatazama juu, akachechemea kutoka kwenye foleni ya meno. Kengele ikalia tena, na tena, namba kwa namba, chumba kwa chumba, na ile foleni ikayeyuka mpaka wakabaki watu watatu wanaoumwa meno kweli, na wa nne, yule mama mjamzito, aliyekataa kuondoka.

"Ameshaniambia lina tundu," alisema. "Simwachii katikati."

Kwangu-Shwari alipiga simu. "Vipi?"

"Shwari," alisema Fundi, akakata kabla hajaulizwa zaidi.

Haikupita muda spika zikasema namba arobaini na mbili iende chumba cha tano. Mama hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi.

"Ni wewe, mama," Fundi alimnong'oneza.

"Najua ni mimi. 'Mbili' nimeiharakisha." Ndipo akainuka, akakunjua gauni, akaenda. Alipotoka alisema presha imepanda kidogo, na kwamba daktari alipomwuliza kama kuna jambo lililomsumbua leo alimjibu ni mambo ya ofisi.

Jioni hiyo, mezani nyumbani, Fundi aliandika taarifa ambayo matroni aliiomba kwa ajili ya kumbukumbu. Aliifanya fupi. Sababu ya hitilafu: majina ya mafaili hayakulingana na yaliyoandikwa kwenye programu. Akaichapisha, na kabla hajaiingiza kwenye bahasha mkono ulipita juu ya bega lake na kuichukua.

Mama aliisoma akiwa amesimama.

"Hayakulingana yenyewe?" aliuliza.

"Mama, hakuna haja ya kuandika zaidi. Mambo yameshakwisha."

"Masjala, faili likihama mahali pake, aliyelihamisha anaandikwa. Si kwa ubaya. Ni ili siku likitafutwa tena watu wajue waanzie kwa nani." Akavuta kalamu kwenye mkoba wake, kalamu ya wino, akaandika chini ya karatasi kwa mwandiko ulionyooka kama umepigiwa rula: *Majina yalibadilishwa na mimi, siku ya Jumamosi, alasiri, kwa nia ya kuyapendezesha.* Akatia sahihi na tarehe. Kisha akamgeuzia Fundi kalamu.

"Na lile la kunyamaza?"

Fundi aliichukua. Aliandika chini ya maneno ya mama kwamba programu iliamriwa kunyamaza na yeye, siku aliyokuwa amechoka, naye akatia sahihi. Mwandiko wake ulionekana kweli kama wa mtu anayeanguka. Mama aliuona, akafungua mdomo, akaufunga.

"Kengele aandikwe nani?" aliuliza baadaye.

"Yule kijana wa ofisini."

"Mlete Jumapili tule naye," alisema mama, akiikunja karatasi mara tatu, sawasawa. "Na aje na hiyo kompyuta yake. Nataka kuiona hiyo folda ya mwisho kweli kweli."